Mama Mkwe na Dawa ya Mishipa

Itigi, Jumatatu, 3 Julai 1995
Nimepata akili! Wiki nzima nimemchimbia mizizi mtafiti wa Dar. Jana, kabla ya kupanda treni, alinieleza: mwenye presha, misuli ya kuta za mishipa yake hunenepa, njia ya damu inabana. Kitu kilichomo kwenye mzizi huu huzuia seli za misuli hiyo kukua. Wamejaribu maabara tu, kwenye vioo. Akasisitiza hakuna binadamu aliyewahi kupewa. Wasomi waoga sana! Siku hizi biashara huria. Nitachemsha, nichanganye na asali, niuze stesheni. Mazengo, mpinzani wangu wa biashara pale stesheni, na asali yake tupu, atakoma!

Jumanne, 4 Julai
Sikuuza hata chupa. Kila abiria aliuliza imemponya nani. Mazengo alicheka mpaka akakaa chini. Jioni nikakumbuka: mama mkwe, Bi Yustina, yupo kwetu na presha yake! Tatizo heshima. Mkwe huwezi kusema naye uso kwa uso. Nikaacha chupa dirishani kwake, nikasimama nyuma ya nyumba, nikamwambia mbuzi kwa sauti kubwa ili yeye asikie: dawa ni vijiko vitatu, vidonge vya hospitali vipumzike. Punde nikasikia kijiko kinagonga chupa.

Ijumaa, 7 Julai
Aibu! Mama mkwe kaanguka uani. Mke wangu Scola kaenda kisimani. Ningefanyaje? Nikambeba mgongoni, macho nimefumba kwa heshima. Njia ya zahanati inapita stesheni; nikaivaa meza ya Mazengo. Stesheni nzima ikasimama kutazama mtu kambeba mama mkwe wake. Kufika zahanati, daktari akauliza nani kamwachisha vidonge. Nikatazama ndala zangu. Mama mkwe akajibu kwa sauti ndogo kwamba alisahau mwenyewe, mwanawe huyu hana kosa. Jamani! Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Julai
Vidonge vimemrudisha. Scola hasemi nami, na ana haki. Nimeapa kumwaga chupa zote. Nimeinua ya kwanza, abiria mmoja akapita. Treni yao imeharibika. Akauliza imemponya nani. Nikasema mama mkwe: Ijumaa alianguka, leo anachambua mlenda. Si uongo! Akataka kumwona. Nikampeleka.
Mama mkwe alipoiona ile chupa mkononi mwangu, akageuza uso ukutani. Masikio yaliniwaka kwa aibu.
Nikamnong'oneza abiria atazame shingo inavyogeuka: mishipa imelegea kabisa.