Profesa wa Uvungu

Tangazo! Wananchi wote wenye magari wanajulishwa kwamba kutu ni adui wa taifa, na kwamba amejitokeza shujaa wa kupambana nayo. Shujaa mwenyewe aliitwa Profesa, ingawa masomo yake aliyahitimisha kwa kuruka dirisha la darasa la saba. Dawa yake ya kupaka chini ya magari ilikuwa oili chafu iliyokorogwa na masizi.

Siku hiyo, pale wanapooshea magari, alimwona bibi mmoja mstaafu ameinama, anachungulia uvungu wa gari lake kuukuu. Profesa akameza mate. Akiba yake ya kupanga chumba ilikuwa karibu kutimia, ahame kwa dada yake, ambaye kila asubuhi alimwuliza, "Mgeni, safari lini?"

"Shikamoo, mama. Gari zuri, ila tumbo linaumwa."

"Marahaba. Ndiyo najiuliza, mwanangu, nilipake dawa au niliache lijifie? Limezeeka kama mimi."

Profesa akajitosa uvunguni na bisibisi. Desturi yake ilikuwa kugonga mara tatu, kisha kumwaga konzi ya kutu aliyoificha kwenye mkono wa shati, macho ameyafumba isimwingie. Kwa hiyo, katika miaka mitano ya uprofesa, hakuwahi kuuona uvungu hata mmoja. Akagonga. Ikamwagika konzi, halafu debe zima.

"Leo mkono una baraka," akawaza.

Akatoka akijipangusa. "Umejionea, mama! Lakini likipata dawa yangu, miaka ishirini linadunda!"

"Ishirini?" Bibi akavua miwani. "Mimi sina miaka hiyo, baba. Unayo wewe. Basi linunue, ulipake."

"Au dawa yako huiamini, Profesa?" wakadakia waosha magari.

Bei aliyotaja bibi ilikuwa ya kutupa na, ajabu ya mambo, ililingana sawasawa na akiba ya Profesa. Tamaa ikampigia hesabu: alipake masizi leo, kesho amwuzie mjinga mwingine kwa bei mara tatu. Akafungua kibindo alichotembea nacho siku zote, akatoa yote. Bibi akazifutika noti kifuani, akaaga kwa adabu.

Profesa akaondoka kwa mbwembwe. Kwenye tuta la kwanza sakafu ikaaga dunia, kiti kikazama, naye akaliendesha gari huku anakimbia.

Alifika kwa dada yake soli zikifuka moshi. "Kuna mtu kamwambia yule bibi akiba yangu ni kiasi gani!"

Dada akageuka polepole, akamtazama mwanawe aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni, kainamia daftari.

"Unaandika nini wewe?"

"Insha, mama."

"Isome kwa sauti."

Basi, wasomaji, nimeshikwa. Bibi yule alikuwa matroni wetu bwenini, na aliyemtuma ni mimi. Mjomba anakoroma kwenye kitanda changu tangu mwaka jana, na akiba yake niliihesabu akiwa usingizini. Nilidhani akipata gari, atalala humo.