Nani Kaacha Kifuniko Wazi?

Jumatatu, 2 Juni

Mugdha karudi kutoka chuoni na habari mbaya. Binti yangu anasomea vijidudu, na tangu aanze hakuna kinacholika kwa amani nyumbani. Leo kafundishwa kwamba ukivuta maji ya choo huku kifuniko kiko wazi, ukungu usioonekana unaruka mpaka kwenye miswaki. Miswaki yetu minne imo kwenye kikombe kimoja, hatua mbili kutoka chooni. Miaka ishirini na minne napigia mswaki pale! Nimesukutua kwa maji ya chumvi mara tatu.

Mke wangu Sunanda akatoa amri. Atakayeacha kifuniko wazi atasugua choo mpaka sikukuu ya Diwali. Nikawa wa kwanza kukubali, tena kwa sauti, maana mhalifu namjua. Ni mama mkwe. Alikuja kutoka Nashik mwezi wa pili kutibiwa goti, eti wiki mbili tu. Goti limepona zamani, mwenyewe yupo. Na kiti changu cha dirishani, mahali pekee penye upepo katika nyumba hii, kakikalia yeye.

Nikaongeza sharti: Mama akishikwa, kiti kirudi kwa mwenyewe. Sunanda akauliza, je, ukishikwa wewe, Baba Mugdha? Nikacheka. Nikasema basi kiti kiwe cha Mama maisha yake yote. Mama akajibu kutoka dirishani kwamba anakusudia kufika miaka mia.

Jumanne, 3 Juni

Tangazo! Nimeliandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: TAZAMA DHAKKAN KABLA YA KUTOKA. Dhakkan ni kifuniko. Mitaani kwetu Dombivli, dhakkan ni mtu pia, yule ambaye kichwani hamna kitu. Hilo halikunijia akilini. Nilichowaza ni mahali ambapo kila mtu lazima aangalie, nikalibandika juu ya kioo cha chooni. Kwa gundi ya mbao, wasije wakalibandua.

Mama alitoka huko akifuta machozi ya kicheko. Akasema, “Mkwe, mimi nimetazama weee, sijamwona. Hebu nenda wewe, wewe utamwona.”

Nikaenda. Nikatazama. Maandishi mekundu, na chini yake sura yangu yenye povu la sabuni ya ndevu. Ilinichukua muda kuelewa. Gundi ya mbao haibanduki.

Jumatano, 4 Juni

Sikwenda kazini. Nimewaambia naumwa. Nimekaa ukumbini na gazeti, penseli na daftari. Kila anayetoka chooni, naingia mara moja kuhakiki.

Saa mbili, Mama: kimefungwa. Saa tatu kasoro, Sunanda: kimefungwa. Saa nne, Mama tena: kimefungwa. Nikaingia kuhakiki, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikajisaidia. Robo saa baadaye Mugdha akapiga kelele: kiko wazi! Nani kaingia mwisho? Nikasoma daftari. Mama, saa nne. Mhakiki haandikwi, huo ni utaratibu wa ofisi yoyote.

Ujanja wa bibi huyu! Anafunga nikiwepo, sijui anafungua saa ngapi.

Bwana Gokarn wa mlango wa pili alikuja kuazima ngazi, akaniona nikikimbilia chooni mara tano. Jioni mkewe kaleta wali wa mtindi na ndizi, kaniombea tumbo lipone. Majirani wote wananiuliza hali. Wali nimeula.

Alhamisi, 5 Juni

Wanawake wote watatu wamekwenda Thane kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi peke yangu nyumbani, naumwa bado. Nilikaa kwenye kiti cha dirishani. Raha iliyoje! Nikapiga hesabu: leo Mama hayupo, kifuniko kitashinda kimefungwa, na huo ndio ushahidi.

Wamerudi saa kumi na mbili. Mugdha alikwenda moja kwa moja chooni, akaita wenzake. Wakasimama mlangoni watatu.

Wazi.

Nikasema ni upepo. Sunanda akauliza upepo gani, dirisha la choo ni dogo kuliko kitabu. Nikasema basi kifuniko kina kasoro, kinainuka chenyewe. Nikakata rufaa. Nimepewa mpaka Jumamosi. Mama kaomba kiti chake, nikampisha.

Ijumaa, 6 Juni

Mashine! Kamba ya nailoni, kapi la kuanikia nguo, na pasi ya zamani ya mkaa kuwa uzito. Ukifungua mlango kutoka, kamba inalegea, pasi inashuka, kifuniko kinajifunga. Binadamu hahitajiki. Komeo lilikuwa linaikwaza kamba, nikaling'oa.

Nikaketi kuijaribu kwa matumizi halisi. Bwana Gokarn karudisha ngazi, akaambiwa na Mama kwamba nipo huko ndani, ngazi aiegemeze popote. Kaiegemeza kwenye mlango wa choo. Mlango ukafunguka. Pasi ikashuka. Kifuniko kikanipiga mgongoni kwa nguvu ya kilo tatu, kikakatika bawaba zote mbili.

Kwanza nilipiga yowe. Kisha nikakumbuka mlango uko wazi, na Gokarn kasimama hapo, na adabu zake zote, akiniuliza kama tumbo linaendelea vizuri.

Jumamosi, 7 Juni

Kifuniko kipya mpaka kesho, fundi kasema. Siwezi kukubali miswaki ikae hatarini usiku kucha. Nikatafuta jikoni kitu cha duara. Juu kabisa ya kabati, nyuma ya mitungi ya achari, sinia kubwa la stili lisilotumiwa na mtu. Nikalijaribu juu ya choo. Limekaa kama lilitengenezwa pale! Nilijipongeza.

Mama ndiye alilikuta. Alikuja nalo sebuleni kalishika kwa vidole viwili. Kila chombo cha stili nyumbani kwetu kimechorwa jina la aliyekitoa, mtoto mdogo anajua hilo. Mimi sikugeuza kuangalia. Mama akasoma kwa sauti: kwa binti yetu Sunanda, siku ya harusi yake, kutoka kwa Mama na Baba, 2001.

Baba mkwe alifariki mwaka juzi.

Sunanda hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa chini sakafuni, akaliweka sinia mbele yake, akalia. Nilitamani kufa. Nikasema nisamehe, nikarudia.

Mama akamwambia binti yake asilie. Stili inaosheka, akasema. Alichokuwa hana uhakika nacho ni kama mkwe anaosheka.

Rufaa imetupwa.

Jumapili, 8 Juni

Nimeliosha sinia kwa majivu na ukwaju mara saba. Sunanda kalifunga kwenye sari yake ya harusi, kaliweka kabatini. Hajanisemesha.

Kisha nikasugua choo. Nimegundua kina nyuma! Huko nyuma kuna mambo. Nimetumia saa moja na nusu, mgongo ukiuma palepale nilipopigwa. Miaka yote hii nilidhani choo chetu ni kisafi kwa tabia yake. Nikamwambia Sunanda hivyo. Akaniletea chai. Nikaona haya kweli, si ya maneno.

Fundi kafunga kifuniko kipya, cheupe. Mbele ya wote nimeapa: sitakiacha wazi tena, wala sitamsingizia mtu.

Jumatatu, 9 Juni

Mtu mpya kabisa! Nimeamka kabla ya maji ya bomba kufika, nimeoga, nimenyoa, nimejaza ndoo. Nilipokuwa nakunywa chai nikagundua tatizo letu halikuwa kifuniko hata kidogo. Ni ndara za chooni. Kuna mtu anaziacha zimelowa. Nina shaka na mtu mmoja, goti lake limepona. Nimeshachora mchoro: springi mbili na kengele.

Hapo Sunanda akapiga kelele kutoka chooni: nani kaacha kifuniko wazi?

Nikasema bila shaka ni fundi. Sunanda akasema fundi aliondoka jana. Nikasema basi Gokarn.

Mama, kutoka kwenye kiti changu, hata hakugeuka. Akaniambia niende nikatazame kioo, nitamwona.

Nimekwenda. Nimetazama vizuri, juu na chini. Hapakuwa na mtu, nilikuwa peke yangu.