Mtambo wa Kuona Ndani ya Ukuta

Jumatatu, 3 Machi
Pete ya mama mkwe imepotea. Ile ya ndoa, aliyovishwa na marehemu baba mkwe. Ametangaza mezani: atakayeipata atapewa chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani. Nakitaka kiwe karakana yangu ya redio. Shemeji, kaka wa mke wangu, anataka kufungua saluni ya kunyolea. Ameshajitosa chini ya makochi na tochi. Masikini. Mimi naunda mtambo: ruta mbili mbovu za intaneti, antena na spika. Mawimbi hupenya mbao na matofali. Yakigonga kitu cha chuma au dhahabu yanarudi, spika inalia. Kazi kwisha.

Jumanne, 4 Machi
Mtambo umelia kwenye kochi! Nikalipasua. Springi. Springi tupu, kochi zima. Mama mkwe aliuliza kama pete yake ilikuwa na springi. Mkwe hajibizwi, nikaanza kuokota springi. Shemeji kacheka mpaka kapaliwa. Acheke tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye ameinama tangu jana, hana kitu.

Jumatano, 5 Machi
Leo umelia ukutani, nyuma ya kabati la nguo, tena bila kupumua. Jambo liko wazi: panya kaiba pete, kaingia nayo ukutani. Shemeji akadai hapo linapita bomba la maji. Wivu huo. Mke wangu akanisihi niache. Nikapiga nyundo.
Bomba.

Alhamisi, 6 Machi
Maji yalijaa chumba cha mama mkwe, sebule, mpaka jikoni. Leo alikuwa akiyasukuma nje kwa fagio, akaona kitu kinang'aa kizingitini. Pete. Maji yameizoa kutoka uvungu wa kabati la vyombo. Akakaa palepale kwenye maji, akaibusu, akalia. Na mimi nikalia, nilifurahi kweli. Kisha nikagusia suala la chumba, kwa adabu. Akasema pete kaipata mwenyewe, na chumba cha mbele anahamia yeye, maana chake kimekuwa bwawa. Shemeji naye kakosa. Hilo limenipoza kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Nikamweleza: mtambo ulilia, nikavunja, pete ikatoka. Haukosei. Kasonya, kaondoka.
Mchana mama mkwe kauliza nani kaona miwani yake, ile ya fremu ya chuma. Nyumba nzima ikanitazama mimi. Shemeji kakimbilia kuficha nyundo. Bahati nzuri jirani anayo.