Kifua Wazi Mbele ya Mama Mkwe

Jumatano, 6 Agosti

Nimewekwa nje. Mimi, Bartholomew Owori, msanii wa Iyolwa, nje! Madamu Joanita, anayepanga maonyesho yetu ya sanamu hapa Tororo, anasema sanamu yangu, Shujaa wa Mpaka, ni nzito mno, sakafu ya godauni itapasuka. Uongo mtupu. Katikati ya godauni, mahali pa heshima, ameweka chungu cha msanii mwenzangu Imalingat. Chungu! Kimechomekwa mirija mirefu kama ya kunywea malwa, pombe yetu ya wimbi, na eti kinaitwa Majirani.

Shujaa wangu ni mwanamume wa saruji, kifua wazi, mabega ya kubeba lori. Uso ni wangu. Sikupata mwingine mzuri zaidi.

Na lazima aingie ndani. Apendi, mke wangu, yuko kwao Kirewa tangu nilipomaliza saruji ya jiko lake kwa kumjenga Shujaa. Nilimpelekea ujumbe kwamba sanamu imesimama katikati ya godauni. Amejibu kwamba mama yake atakuja Jumamosi kuhakikisha. Ikiwa kweli, yeye Apendi atarudi nyumbani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwomba Imalingat kwa upole tubadilishane nafasi. Amecheka mpaka kofia ikaanguka. Eti Shujaa wangu anafaa kufungiwa ng'ombe. Haya, tutaona.

Godauni ni ya Hajati Zainah, mwenye malori, na Hajati hataki hata harufu ya pombe ndani ya jengo lake. Chungu hakivuji. Nimekijaribu kwa maji wenzangu walipokwenda kunywa chai.

Ijumaa, 8 Agosti

Malwa imeingia chunguni, na maji ya moto juu yake, kama inavyotakiwa. Sipendi kazi ya nusu nusu. Hajati alikuja baada ya swala, akanusa, akasimama. Hakupaza sauti. Alimwambia Joanita kitu hicho kitoke sasa hivi. Imalingat aliapa kwamba hajui lolote. Nikampa pole.

Nafasi wazi! Nikamkimbilia Joanita. Akanijibu kwamba sakafu ni ile ile. Na chungu wamekipeleka wapi? Nje, kwenye uwanja wa mji, ambao si wa Hajati. Miguuni pa Shujaa wangu. Sijakata tamaa hata kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Wazee walinusa malwa tangu asubuhi. Wakaja na viti vyao na mirija yao wenyewe, wakazunguka chungu. Wageni wa kutoka Busia, upande wa Kenya, walipita godauni haraka haraka wakaishia huko huko nje. Wakapiga picha, wakasema hii ndiyo sanaa inayokaa na watu. Sikuona sanaa. Niliona walevi.

Kisha Apendi akafika na mama yake. Kwetu mama mkwe hamsogelei mkwe wake wala hamtazami usoni, sembuse kifuani. Alipomwona Shujaa kwa mbali alijifunika leso, akageuka kurudi barabarani. Alisema hawezi kupita mbele ya mkwe wake aliyevua nguo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejificha nyuma ya lori, kwa heshima. Nikamtuma Apendi amweleze kwamba ile ni saruji tu. Jibu likarudi kwamba saruji hiyo anaifahamu vizuri, ni ya jiko la binti yake.

Wazee wakamhurumia. Wakavua makoti, wakamvika Shujaa mpaka kichwani. Ndipo mama mkwe akaja, akapewa mrija, akaketi akimpa Shujaa mgongo. Alisema chungu ni kizuri sana. Imalingat alitabasamu kama bwana harusi. Iliniuma, siwezi kusema uongo.

Jumapili, 10 Agosti

Wageni wamechagua Majirani ibaki uwanjani daima. Joanita anasema Shujaa abaki pia, kwa sababu wazee wanahitaji pa kutundika makoti. Sawa. Ni sanamu ya nani mwingine iliyovishwa namna hiyo? Wanionee wivu.

Apendi hana hasira tena, hata kwa ule uongo wangu wa godauni. Amesema nikileta mfuko mmoja tu wa saruji kwa ajili ya jiko, atarudi jioni hii hii. Machozi yalinitoka. Nikaenda dukani mbio, nikaununua.

Njiani nikawaza. Kosa lilikuwa uso. Mama mkwe anaona haya kutazama uso wa mkwe wake. Lakini uso wake mwenyewe je? Huo hawezi kuukimbia.

Nimeshakoroga mfuko wote. Pua ya mama mkwe imetokea vizuri sana.