Damu ya Masha, Jina Langu

Jumatatu, 6 Oktoba

Msimamizi Fuad ametangaza hapa ghalani Shimanzi. Wabeba magunia wote waliopita miaka hamsini walete karatasi ya daktari, mwisho Jumamosi. Asiye nayo arudi kwao. Kwetu ni Vihiga! Barnabas akacheka, akaniambia, "Mzee Joab, kafuge kuku." Ana hamsini na mbili, anajiita kijana. Anataka niondoke aongoze kundi yeye.

Mimi nina sitini na moja. Miezi mitatu iliyopita Dakta Jannat wa zahanati ya Kuze aliona utando wa mafuta ndani ya mshipa wa shingo yangu. Akanipa vidonge, kimoja kila jioni. Akanikataza vya mafuta. Vidonge nimemeza vyote, ila si kwa hiari. Chumbani tunalala sita, vitu hupotea, kwa hiyo nilimpa Mama Mwanarusi anitunzie. Yeye ndiye anayetupikia. Anaviweka kwenye kopo la majani ya chai. Kila jioni ni lile lile: "Meza kwanza, mzee wangu. Wali baadaye."

Lakini karatasi haitoki bila kupimwa mafuta ya damu, na mishkaki nimekula. Ile yenye mafuta. Kidonge kama punje ya mtama kitaweza wapi?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata njia! Masha, mwenzangu wa kubeba. Mwembamba kama ufito. Tena hufunga kila Jumatatu na Alhamisi. Mtu huyo hana mafuta hata ya kukaangia yai. Atatoa damu kwa jina langu. Kadi ya zahanati haina picha, na muuguzi ni mgeni.

Masha akasema uongo ni haramu. Nikamwambia nikienda Vihiga atabeba na Barnabas. Akakubali papo hapo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Masha ameenda na saumu yake. Mimi nimemngoja karibu na Ngome ya Yesu, nikila viazi karai. Kwa wasiwasi tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa! Dakta Jannat amenipigia simu. Mafuta ya damu yamepita kiasi, mara mbili. Akauliza vidonge nameza mimi au nawapa paka. Nifike kesho bila kukosa.

Nikampa Masha habari kama mzaha. Hakucheka. Alitua gunia polepole. Baba yake naye alikuwa mwembamba, akaanguka shambani, moyo, miaka arobaini na minane. Masha anatimiza hiyo Desemba.

Wali umenishinda leo. Mimi!

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi, bila chai, nimemshika Masha mkono hadi Kuze. Nikaungama yote. Dakta Jannat akanigomba kwa adabu ya watu wa Kuze: akauliza hali yangu, ya mke wangu, ya watoto, ndipo akaniita mwizi wa damu.

Akampima Masha moyo. Uko sawa. Akasema mafuta haya huenda ni ya ukoo, unene si kitu, na bahati nzuri yamejulikana mapema. Ataanza vidonge leo. Masha akamshukuru Mungu, akalia kidogo. Mimi nikasoma tangazo la chanjo ukutani. Nimelisoma mara nne.

Kisha damu yangu mwenyewe. Mafuta yameshuka karibu nusu! Nikasema ni nguvu za mwili wangu. Dakta akasema ni vidonge na Mwanarusi. Utando huenda usiishe, lakini vidonge vinauzuia usikue, nisiache hata siku moja. Na mishkaki basi.

Karatasi ninayo! Nimepumua kama niliyetuliwa gunia la mbolea. Kopo la chai sasa lina pakiti mbili.

Jumapili, 12 Oktoba

Barnabas amekuja na shikamoo. Ya kwanza tangu nimjue! Hajapimwa, anaogopa majibu. Fuad amemwongezea muda hadi kesho tu. Amesikia damu yangu imesifiwa Kuze.

Nimemwonea huruma. Malipo ni mishkaki minne, yenye mafuta, na nimekula kabisa. Kesho naenda zahanati nyingine, wasikonijua. Hadi saa sita mchana naitwa Barnabas.