Kuhusu Kandege ka Majanini na Mama Yako wa Miaka Sita

Ilford, London
21 Septemba

Kwa Baba yangu mzazi, Mzee Telesphor, Njombe.

YAH: KULIMWA KWA KIPANDE CHA JUU NA HASARA ZILIZOLETWA NA KANDEGE

Kamwene, Baba. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uliniuliza kwenye simu kama trekta likija mwezi ujao lilime na kile kipande cha majani ulichonigawia kule mlimani, tupande viazi, au likiache kwa sababu ndipo kanapoishi kale kandege. Jibu langu ni lima. Naandika kwa sababu kwenye simu mwanangu Skola hunipokonya kabla sijamaliza. Barua anakuletea Sesilia, anasafiri Jumamosi. Sababu zangu ni hizi.

1. Mtoto nilimpa jina la marehemu mama yako kwa heshima tu. Wewe kila Jumapili unampigia, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba mwanangu, umekula?" Ukamwonyesha kiota kwenye video. Ukamweleza jinsi kandege kanavyofuma majani yakawa kama mpira, mlango ubavuni, ndani kakatandika sufi. Sasa kapu langu la nguo safi limelazwa ubavu, na ndani yumo mama yako. Sufi ameitoa kwenye mto wa baba yake. Baba yake analalia foronya.

2. Ulimwambia kandege kana utosi wa rangi ya kutu. Akaenda kwa Geeta, jirani wa chini aliyezaliwa Iringa, akachota hina, akajipaka utosini, na kesho yake ilikuwa siku ya picha shuleni. Nilipopiga kelele Geeta akanijibu, "Acha bwana, mama Skola, imemkaa kuliko inavyonikaa mimi!"

3. Ulimwambia kandege kakishtuka kanazama majanini kimya, kanatokea kwingine, kanapanda bua refu kuliko yote na kuimba. Baba, dukani alizama kwenye makoti yaliyotundikwa. Nimelia, mlinzi kaitwa, watu wameinama wanachungulia chini. Mara tunasikia mtu anaimba juu ya kaunta ya viatu.

4. Hataki koti. Anasema kandege kanakaa kwenye baridi ya Njombe mwaka mzima na hakavai koti. Nikamwambia kandege kana manyoya. Akasema, "Basi ninunulie."

5. Hili ndilo baya kuliko yote. Amekuamuru, "Mwanangu, pale usilime," na wewe mzee mzima wa miaka sabini ukanywea, ukaja kuniuliza mimi! Baba, unamwogopa mama yako?

Kwa hiyo naomba ulime. Ukimaliza chetu, mshawishi na jirani alime chake. Halafu vilima vyote vinavyoonekana kwenye video vilimwe, hata majani ya uwanja wa kanisa, mpaka mtoto asione hata unyasi mmoja wa kumtia wazimu. Kandege kakahamie kwenye viazi. Najua utasema hakawezi, kanataka majani marefu na utulivu. Nani hataki? Hata mimi nilitaka nyumba yenye bustani, nikapewa ghorofa ya tatu, na nimekaa.

Nakutegemea, Baba, uwe mkali japo mara moja.

Msalimie Mama, kaka zangu na watoto wao, wanakwaya wote, na yule ng'ombe mwenye kiburi kama bado yupo. Baba Skola anakusalimu, shingo inamuuma.

Ni mimi binti yako, mwenye uchungu na kapu lake,
Restituta

N.B. Nimefungua bahasha tena. Leo asubuhi, Skola akiwa shule, Geeta ameniita dirishani: "Mama Skola, mashine ya kukata majani hiyo, na mwanao jana kafunga kiota kule nyuma!" Sijui nimeshukaje ngazi. Nimejikuta na ndala mbele ya mashine, mikono nimeitanua. Yule baba mwenye mashine akaizima, akauliza ni ndege gani. Nikasema kadogo. Akainama, akachungulia mlangoni. Mlikuwa na maharage matatu. Akayatazama, akanitazama, akawasha mashine yake, akazunguka.

Baba, kama mtu wa Ilford amezunguka maharage, trekta la Njombe nalo lizunguke. Usilime. Ila ukimwambia mama yako, sema umeamua wewe. Akijua ni mimi, nyumba hii haitakalika.