Mpaka Wangu na Ile Ndege

Jumatatu, 9 Juni
Jirani yangu Kasimiri kaenda Mawengi msibani, wiki nzima. Nimeshika shoka kabla ya chai. Miti yote ya miwati ya mpaka wetu chini, na visiki nimeng'oa. Mzee mimi! Vijana wa Makambako wangelia. Mke wangu, Germana, kauliza Kasimiri akirudi nitamwambia nini. Nikasema atakuta shamba moja tu, langu. Mpaka hauonekani, atadai nini?

Jumatano, 11 Juni
Nimesawazisha kote. Greda lisingeweza. Mgongo unauma, simwambii mtu.

Alhamisi, 12 Juni
Ndege imeangukia kwangu! Ile ndogo ya kunyunyizia kwelea kwelea dawa. Injini ilikohoa juu ya kanisa, ikanyamaza. Wengine walikimbia. Mimi nililala chini, kuipisha. Ikarukaruka kama mbuzi, ikasimama karibu na choo. Rubani katoka mzima. Kanishika mikono, kasema huko juu aliona miti tu, uwazi ni huu mmoja. Ile miwati ingekuwepo, angekufa.

Kijiji kizima kinasikia. Ninyamaze? Nikasema niliikata makusudi, mtu mwenye akili huandaa kiwanja mapema. Wakapiga makofi. Germana hakupiga.

Jumamosi, 14 Juni
Ndege imeondoka juu ya lori. Kasimiri karudi. Kauliza nani kakata miti yake. Watu wakamwambia kwa furaha.

Kikao. Nikasema miti ilioza yenyewe. Mwenyekiti Hosea kanikumbusha makofi. Kasimiri, mnafiki yule, hakugomba. Kanisalimu vizuri, Kamwene, Baba Zita. Kasema yeye atapanda tena miwati yake palepale ilipokuwa. Ila kwa kuwa mwenzake ana moyo wa kuokoa marubani, upande wa Baba Zita ubaki wazi siku zote, ndege nyingine ikipata shida.

Nikikataa, mimi ni mwizi wa mpaka. Nikikubali, sina pa kupanda viazi. Nikakubali, kwa heshima. Mikono yote juu. Hata wa Germana.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa watoto wameniita Mzee Kiwanja. Nimeitika. Germana kauliza tutakula nini, makofi?

Nimesikia Yunisi, jirani wa bondeni, anakwenda Iwawa kwenye ubatizo wa mjukuu. Shoka nimeshanoa. Safari hii nafyeka mpaka kwa kupindapinda. Nione ndege gani itatua kwenye kona.